Wigi Alilosokotewa Ng'ombe

Ukifika Wawi ukauliza kwa Bi Kazija, utaulizwa kwanza: yupi, wa nywele? Sema ndiye, kisha jitayarishe kushikwa kichwa. Hana ubaya, lakini subira pia hana. Hujamaliza kuitikia salamu, vidole vyake vishaingia chini ya mtandio wako, vishajua umetia dawa gani, lini, na nani alikudanganya ukaitia. Wanawake wa pale husema Bi Kazija anasoma kichwa kama mwalimu wa chuoni anavyosoma juzuu. Yeye hakatai. Hajawahi kukataa sifa tangu azaliwe, na alizaliwa mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, kwa hiyo ni miaka mingi ya kutokataa.

Sifa aliyoipenda kuliko zote alijipa mwenyewe: kwamba hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Misuko, wigi la bibi harusi, dredi za bandia, chochote kilichotoka mikononi mwake kilikwenda hakikurudi. Aliisema hiyo kwa wateja, kwa majirani, na siku moja aliisema kwa daktari wa meno aliyekuwa bado hajamtoa mkono mdomoni.

Vidole hivyo havikuanza na nywele. Vilianza na makumbi. Kwao ni Wingwi, na mama yake alikuwa msokota kamba. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye tope la pwani mpaka yakaoza, yakafukuliwa, yakapigwa kwa gongo yakatoa usumba, na usumba ukasokotwa kwa viganja ukawa kamba. Kazija aliianza kazi hiyo kabla hajajua kufunga mtandio. Kamba za mama yake zilifunga ng'ombe wa kijiji kizima, na ulipofika msimu wa mchezo wa ng'ombe wenye madume hawakwenda kwa mwengine, maana siku ile kamba ikikatika, watu huzikana.

Kisha ikaingia madukani kamba ya nailoni, ya buluu, rahisi, isiyooza, na usumba ukakosa wa kuutaka. Kazija aliolewa Wawi, akaachwa Wawi, akabaki Wawi, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na aliyefungasha ni mume. Viganja vikakaa bure mwaka mzima, halafu vikahamia vichwani. Akaanza na watoto wa skuli, akaenda kwenye rasta, akafika kwenye mawigi. Kusokota dredi, alisema, ni kusokota kamba tu, ila kamba hii inakwenda harusini.

Sasa, mwaka tunaouzungumza alikuwa karibu na hamsini, na ndugu yake wa kumfuata, Nyange, alikuwa ametoka Umra wiki mbili nyuma. Mpwa wao aliyeko Maskati ndiye aliyemlipia safari. Alirudi Wingwi akapokewa kwa dufu, akiwa na maji ya zamzam, na tende, na kichwa kisicho hata unywele mmoja.

Kichwa hicho kilikuwa habari kuliko tende. Nyange alifuga dredi miaka ishirini na miwili. Si za mapambo. Alikuwa mchezaji wa ng'ombe, na watu walitoka Micheweni na hata Chake kuja kumwangalia. Mchezo wenyewe unajulikana: dume hufungwa kamba ndefu, zumari hulia, wanaume huingia mmoja mmoja kumchokoza kwa kitambaa, naye huwakimbiza mpaka wapande miti. Hauawi ng'ombe. Jua likipungua anarudi bandani na watu wanarudi makwao na la kusimulia. Lakini Nyange alikuwa na lake peke yake. Alikuwa akicheza na dume mmoja tu, Haambiwi, mweusi mwenye baka jeupe la paji, na mwisho wa mchezo alitupa kitambaa chini, akainama, akaachia dredi zote zimfunike uso. Haambiwi alimjia mbio na pembe chini. Hatua mbili kabla hajamfika alisimama, akanyoosha ulimi, akaanza kuzilamba zile dredi moja moja. Wanaume wazima waliwahi kulia kwa kuona lile.

Siri yake haikuwa uganga, ingawa wapo waliosema. Mama wa Haambiwi alikufa akimzaa. Mwenyewe, Mzee Silima, alitaka kumchinja yule ndama, Nyange akamwomba amlee. Alimnywesha maziwa kwa kidole. Nyange alikuwa haipiti siku hajaoga baharini, na nywele zake zilikaa na chumvi na mafuta ya nazi, na ndama asiye na mama alijifunza dunia kwa kulamba nywele zile.

Basi siku hiyo Nyange alibisha hodi Wawi saa nne ya asubuhi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Kazija alikuwa uani anachambua nyuzi.

"Salaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam, Haji wa Umra. Mkono una nini?"

Nyange alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akavua kofia, akajipangusa upara. "Kanikataa," akasema.

"Nani? Mkeo?"

"Haambiwi."

Kazija aliweka nyuzi chini. Nyange akamweleza. Tangu arudi, dume halimjui. Mara ya kwanza aliingia bandani akiita kama siku zote, Haambiwi akarudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka. Mara ya pili alimkoromea kwa pua. Mara ya tatu, jana, alimjia kwelikweli, na kama si mlango wa banda kuwa wazi leo wangekuwa wanasoma khitma.

"Sauti yako haijui?"

"Aijua, ndo mana akhofu. Asikia miye, aona mtu mwengine."

"Na mchezo lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee Silima kashasema. Haambiwi akicheza, abaki. Asipocheza, yupo mnunuzi wa nyama Chake, kesha kuja kumpima kwa macho."

Silima si mtu mbaya, tusimwonee. Ana madume matatu, majani ni haba, na dume lisilocheza wala halishikiki na mtu ni hatari inayokula. Hata Nyange alimfahamu. Ndiyo maana hakwenda kumlilia Silima, alikuja kwa dada yake.

"Sasa watakaje?" Kazija aliuliza, ingawa alishajua.

"Nsokotee nywele."

Kazija alicheka. Alicheka mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Mtu kanyoa Makka, katoka na dhambi zake zote, halafu anakuja Wawi kutafuta nywele za kumdanganyia ng'ombe. Kisha akamwangalia ndugu yake usoni, akaona hacheki.

"Nywele zako mwenyewe ziko wapi?"

"Zimebaki kulekule. Kinyozi kazifagia."

"Na Shehe ushamuuliza?"

"Nimemuuliza Shehe Kificho. Kasema nywele za mtu asizisikie. Nyuzi za plastiki, za mchezo, nivae uwanjani nivue uwanjani, wala nisimdanganye mwanamke kwazo. Nikamwambia, na ng'ombe je? Kaniambia ng'ombe haoi."

"Basi," Kazija akasema, akainuka. "Haambiwi atakujua. Nikishindwa hili, nirudi kwenye makumbi."

Aliyasema bila wasiwasi wowote, kama anavyosema mtu kwamba wali utaiva. Nyange akaona raha, na Kazija mwenyewe hakuona kwamba ameahidi kitu kikubwa. Kumpendezesha mwanamke kwenye kioo alikuwa anakujua. Ng'ombe hana kioo.

Kesho yake alikwenda Chake, dukani kwa Duni. Duni ni mtu wa maneno matamu, na duka lake limejaa pakiti za rasta kutoka sakafuni mpaka dari, nyeusi, nyekundu, za dhahabu, hata za rangi ya zambarau ambazo hajui nani atazinunua. Wateja wote hununua pakiti ikiwa imefungwa. Kazija pekee hufunguliwa, na si kwa hisani. Mwaka mmoja alizifungua bila ruhusa, na Duni akaona heri amruhusu.

"Karibu Bi Kazija. N'na kitu kipya. Hino wavaa Dubai."

Alimtolea pakiti ya ghali, nywele laini, zinang'aa, zinateleza. Kazija akafumba macho, kama kawaida yake, akachukua nyuzi chache akazisokota baina ya viganja. Akaachia. Zilijisokotoa zote, zikarudi zilivyokuwa, kama hazijaguswa.

"Hazishikani," akasema. "Za kusukwa mtu akalale. Ulimi wa ng'ombe ukipita mara moja, nabaki na kofia tupu."

Duni hakuuliza ulimi wa ng'ombe umeingiaje. Alimzoea. Akatoa nyingine, nyepesi, zimetuna. Kazija akazipulizia, zikaruka zikamwingia Duni mdomoni. Dredi za Nyange zilikuwa zinapiga mabega akikimbia, hizi zingepepea. Akaziweka kando. Ya tatu iliandikwa kwamba imechanganywa na nywele za watu, na hiyo hakuigusa, akasukuma pakiti kwa kiwiko. Ya nne ilikuwa nzuri mkononi, lakini alipotoa kiberiti akachoma ncha, ilitona matone meusi mezani kwa Duni na harufu ikawatoa nje wote wawili.

"Mchagua jembe si mkulima, Bi Kazija," Duni akasema huku akipepea moshi.

"Huyo mkulima alokwambia hivo alilima nini? Nipe ile ya juu."

"Ipi?"

"Ile yenye vumbi."

Duni akapanda kibao akaiteremsha. Ilikuwa pakiti ya zamani, rahisi kuliko zote, nywele kavukavu zisizo mng'aro, hakuna bibi harusi aliyewahi kuitazama mara mbili. Kazija akafumba macho. Akasokota. Akaachia, na nyuzi zikabaki zimeumana. Akavuta, zikakazana zaidi. Akachoma ncha: ikajikunja ikawa kitone kigumu, haikutona. Akafumbua macho, na Duni anasema hajamwona akifurahi vile hata siku aliyompunguzia bei.

"Usumba," akasema. "Huno ni usumba wa kiwandani."

Alichukua za aina hiyo rangi namba moja, nyeusi tii, kwa mashina, na namba nne, ile ya kahawia, kwa ncha, kwa sababu dredi za Nyange zilichomwa na jua na bahari miaka ishirini na miwili na hazikuwa nyeusi mpaka mwisho. Mtu mwengine angechukua nyeusi tupu. Kazija alimkumbuka ndugu yake unywele kwa unywele.

Alisokota siku tatu. Alizigawa nyuzi mafungu, akazisokota juu ya paja kama alivyofundishwa na mama yake, akazitia maji ya moto zisifumuke, akazishona kwenye kofia ya wavu moja baada ya moja. Siku ya kwanza alisokota kumi, akazitundika kambani, akazitikisa, akakunja uso. Zilikuwa nyepesi. Rangi ndiyo, ukavu ndio, lakini hazikuwa na uzito wa nywele zilizokaa kichwani kwa mtu miaka yote ile. Zilipepea badala ya kubembea.

Akazifumua zote kumi. Halafu akapeleka salamu kwa shoga yake wa zamani aliyekuwa bado anapiga makumbi kwa ukaidi wake, akaletewa furushi la usumba wa kweli, na ndani ya kila dredi akatia uzi mmoja wa usumba, katikati, usioonekana. Akatikisa. Zikabembea. Kazija alikaa uani peke yake akazitikisa tena na tena, akacheka, na hakuona haya kujisifu kwa sauti ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Jambo la mwisho lilikuwa uzi wa kufungia chini ya kidevu. Nyange alitaka ukazwe sana. Kazija alikataa. Aliufunga kwa fundo la watu wa ng'ombe, lile ambalo likivutwa upande mmoja hukaza na likivutwa upande wa pili huachia lenyewe. "Pembe ikinasa," alimwambia, "nataka iondoke na wigi, si na shingo yako."

Jumatano akalifunga wigi ndani ya kanga akaenda nalo Wingwi. Na hapa ndipo alipofanya kosa, kosa ambalo mwanamke yeyote wa Pemba mwenye heshima zake angelifanya. Usiku wa Jumanne, baada ya kumaliza kila kitu, aliwasha chetezo, akatia vipande viwili vya udi mzuri, akalifukiza wigi mpaka harufu ikaliingia. Hakufikiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa nyumbani kwake kitu cha kuvaliwa kichwani bila ya kukifukiza; ingekuwa sawa na kutoa mgeni bila ya kumwambia karibu tena. Nywele za ghali za Duni zingeyayuka juu ya makaa yale. Hizi hazikunywea hata moja, naye akalala ameridhika.

Zizini walikuwepo yeye, Nyange, na Mzee Silima aliyeegemea ukingo na fimbo yake. Nyange akavaa wigi. Silima, mtu asiyesema mengi, akasema "Subhanallah", maana aliyesimama pale alikuwa Nyange wa siku zote. Nyange akaingia. Haambiwi akainua kichwa. Masikio yakaja mbele. Nyange akatikisa dredi, zikapiga mabega, na dume likapiga hatua moja, ya pili, pua imenyooka. Kazija alijisikia moyo unamjaa.

Upepo ukageuka kidogo. Haambiwi akavuta pumzi, akapiga chafya, akarudi nyuma, na kabla hawajaelewa akateremsha pembe. Nyange alipita juu ya ukingo wa zizi akaangukia mbavu, wigi likamtoka. Pembe zikapiga miti palepale alipokuwa amesimama.

"Nshaona," Silima akasema kwa upole. "Mnunuzi nitamwambia aje Jumapili." Akaondoka, na haikuwa furaha kwake.

Nyange alikaa chini ameshika mbavu, analia waziwazi. Kazija hakumbembeleza. Aliliokota wigi, akaliangalia, akatafuta mahali palipofumuka, hakuona. Rangi ilikuwa sawa, uzito ulikuwa sawa. Alijua amekosea, na hakujua wapi. Akalileta wigi usoni ili ajipanguse machozi nalo asionekane. Ndipo alipoisikia harufu.

"Udi," akasema.

"Nini?"

"Nimelifukiza. Kakuona weye, kanusa harusi." Akaliweka wigi chini. "Nimekosea miye, Nyange."

Nyange akaacha kulia kwa mshangao. "Sijapata kukusikia ukisema hivo."

"Basi umesikia. Na hutosikia tena. Na weye hayo mafuta ya Makka unojipaka toka urudi, leo basi. Inuka."

Walikwenda pwani, ndugu wawili watu wazima, wakalisugua wigi kwa maji ya bahari na mchanga. Kazija hakuwa na huruma nalo. Alilipiga juu ya jiwe kama alivyokuwa akipiga makumbi, na watu waliokuwa wanarudi kutoka kwenye mwani wakasimama kuwatazama. Nyange naye akaoga mpaka attari ikamtoka. Wakalikausha kwenye jua, wakalipaka mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, na jioni Nyange akalitundika bandani kwa Haambiwi, kwenye mti uliopo juu ya hori, kiasi cha ulimi kufika.

Ijumaa asubuhi Kazija alikuja kuliangalia kabla ya watu kwenda msikitini. Lilikuwa limelowa mate lote. Ncha mbili zilitafunwa. Lilinuka banda, chumvi, nazi na pumzi ya ng'ombe, na Haambiwi alikuwa amelala chini yake. Kazija akazishika dredi moja moja kwa vidole vyake. Hakuna iliyofumuka. Siku mbili za ulimi wa ng'ombe, na ile nywele ya vumbi ilikuwa bado imeumana kama siku aliyoisokota.

"Tayari," alimwambia ndugu yake.

Jumamosi baada ya alasiri uwanja ulijaa. Habari zilishaenea kwamba Haambiwi anachezwa mara ya mwisho, na watu hupenda vya mwisho. Wanawake walikuwa upande wao, chini ya miembe, wanaimba, na Kazija alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, hakuimba. Ukimuuliza leo atakwambia hakuwa na hofu. Waliokuwa karibu naye wanasema alikuwa anasoma Kul huwallahu mfululizo bila kupumua.

Mchezo ulikwenda vizuri. Haambiwi alikuwa mkali, akawapandisha miti wanaume watatu, mmoja wao akiwa hakimu mstaafu. Kisha zumari likabadilisha mlio na Nyange akaingia, dredi zinampiga mabega. Dume likasimama. Nyange akacheza naye robo saa kama zamani, kushoto, kulia, kitambaa kinamgusa pua, na kila mtu aliona kwamba mnyama anacheza na hapigani. Nyange akatupa kitambaa. Akainama. Nywele zikamfunika.

Haambiwi alikuja mbio. Hatua mbili kabla, akasimama, ulimi ukatoka.

Alilamba dredi ya kwanza, akalamba ya pili, na ya tatu akaishika kwa meno, kama alivyozoea bandani, akavuta. Fundo likavutwa upande wa pili. Likaachia, kama lilivyofungwa kuachia, na wigi likatoka zima likabaki linaning'inia mdomoni mwa ng'ombe. Nyange alikuwa ameinama mbele ya pembe zile na upara mtupu unang'aa kwa jua.

Mpiga zumari aliondoa mdomo wake. Watu wa kamba wakaikaza. Kazija aliona macho ya Haambiwi yanatoka, akaona misuli ya shingo inajikusanya, akataka kupiga kelele akaona kelele ndiyo itakayomuua ndugu yake. Nyange hakukimbia. Alibaki ameinama vilevile.

Haambiwi akaliangusha wigi. Akasogeza pua kwenye upara, akaunusa, kwa mbele, kwa pembeni, kisha kisogoni. Alichukua muda. Pua ikateremka kwenye wigi pale chini, ikapanda tena kichwani. Chumvi ileile, nazi ileile, mtu yuleyule. Akatoa ulimi, akaulamba upara wa Nyange kutoka paji mpaka kisogo, pole pole, kama ng'ombe jike anavyomlamba ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Silima alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kanzu, na alipoona anatazamwa akasema ni vumbi. Halafu akanyanyua fimbo akawaambia watu wa kamba, "Regezeni. Ana mwenyewe huyo." Mnunuzi wa Chake alikuwepo, akatikisa kichwa, akaenda kununua miwa.

Kazija alilia, na hakujificha. Nyange alimjia uwanjani na kichwa kimelowa mate, ameshika wigi lililojaa mavumbi. Akalikung'uta, akampa kwa mikono miwili.

"Chukua, dada. Sina haja nalo tena."

Kazija akalipokea. Akazipitisha dredi vidoleni, macho yamefumba, mpaka ya mwisho. Zote zilikuwa salama. Katika miaka yake yote hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi, na siku hiyo alirudishiwa mbele ya Wingwi nzima, akaenda nayo Wawi kifua mbele, na mpaka leo imetundikwa ukumbini kwake, wala haiuzwi.